Eka 4, watu 41, viwanja 26: kosa la kiwanja cha 12 kwa 20 ni nini?

#1 Fundi Springi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Sisi ni kikundi cha watu 41. Mafundi gereji, mama lishe wanaotulisha hapo hapo gereji, bodaboda kadhaa, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi tuliyempa uwekahazina kwa kuwa ndiye pekee kati yetu anayeweza kumwambia mtu "hapana" akalala usingizi. Tumechanga miaka 5. Mwaka jana tukanunua eka 4 pembezoni mwa Dar. Upande gani sisemi, suala bado liko mezani. Lilikuwa shamba la mikorosho, lina mteremko upande mmoja, wauzaji ni ukoo mmoja na wote walitia saini mbele ya serikali ya mtaa. Mgogoro hakuna.

Tungeweza kufanya kama wengi. Kamba, hatua za miguu, kila mtu achomeke michongoma mpakani kwake aanze kufyatua tofali. Lakini mimi nimepanga Manzese miaka 11. Usiku mmoja nyumba ya nyuma yetu iliwaka, gari la zimamoto likafika na kusimama barabara kubwa, maana njia ya kuingia kwetu hata guta haligeuki. Tulibeba maji kwa ndoo huku askari wa zimamoto wakivuta mpira ulioishia kwa jirani wa tatu. Kwa hiyo tukakubaliana: tuchore, tupimiwe, bikoni za mipaka ziwekwe, kila mtu apate hati yake.

Mtaalamu wa mipangomiji tuliyemlipa akapiga hesabu mbele yetu ubaoni. Eka 4 ni mita za mraba 16,188. Toa asilimia 35 ya barabara, mitaro na eneo la wazi, zinabaki kama 10,500. Ukikata mita 20 kwa 20 unapata viwanja 26. Ukikata 12 kwa 20, yaani mita za mraba 240, unapata 43. Sisi tuko 41. Tukapiga makofi, viwili vilivyobaki tukasema vitakuwa vya chekechea.

Mchoro ukarudi kutoka halmashauri. Eneo lile limepangiwa viwanja vikubwa kuliko hivyo, kwa hiyo 240 haipiti. Afisa aliyetueleza hakuwa mkorofi, hata chai tulikunywa. Akasema tuna njia mbili, tupunguze watu au tuongeze ardhi.

Swali langu kwenu: hao watu 15 wanaozidi wanakwenda wapi? Mimi najua wanakokwenda. Kesho yake wanampigia dalali, wanauziwa kipande cha miguu 15 kwa 20 bondeni, hakina barabara wala mchoro, na hapo hakuna atakayewauliza kiwanja kina mita ngapi. Kanuni haikumzuia mtu kuishi kwenye kiwanja kidogo. Imemzuia kuishi kwenye kiwanja kidogo kilichopimwa.

Naomba hoja, matusi weka akiba.

#2 Mzee wa Kibada

Kijana, pole. Lakini wewe unaona upande wako tu.

Mimi nilichukua kiwanja kwenye ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002. Nililipa kwa jasho. Nililipia nafasi, hewa, na uhakika kwamba jirani hataniwekea dirisha la choo mbele ya sebule yangu. Leo ukiruhusu 240 hapo kwenu, kesho mwenye 1,200 jirani yangu atakata vitano auze, keshokutwa ni frem za maduka na spika mpaka saa nane usiku. Masharti ya ujazo, yaani viwanja vingapi vinaruhusiwa kwenye eneo, ni ahadi. Mtu kanunua akiamini ahadi.

#3 jamaa_wa_chini

Ahadi ya hewa 😂 Mzee, nusu ya viwanja vya huko ilikaa pori miaka na miaka, hewa ilikuwa ya kumwaga.

#4 Kamba na Bikoni

Wakuu, mimi ni mpima, niko kazini kitambo. Ngoja niweke historia kidogo, maana watu wanadhani hizi namba zilishuka na mvua.

Dar ilianza kugawanywa kwa ujazo kabla sisi hatujazaliwa. Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza, kisha Waingereza, waliugawa mji kanda tatu kwa aina ya nyumba: Uzunguni bustani na nyumba zilizoachana, Uhindini maduka na nyumba za mawe, Uswahilini viwanja vidogo. Mnazi Mmoja pale ni uwazi ulioachwa makusudi kutenganisha Kariakoo na upande wa pili. Baada ya uhuru majina ya rangi yakafutwa, yakaja ujazo mdogo, wa kati na mkubwa (ujazo mkubwa ndio wenye viwanja vidogo). Mantiki ya chini ikabaki ile ile: mwenye nacho anapewa ardhi nyingi, barabara nzuri na bomba, na wote tunachangia gharama ya bomba hilo kupita mbele ya ua wake mrefu.

Sasa namba. Miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa viwanja na huduma, mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza na Kijitonyama zilitoka huko. Viwanja vingi vya Sinza vilikuwa 12 kwa 24, yaani mita 288. Nani humu anaita Sinza makazi holela? Barabara zimenyooka, watu wamejenga, wameezua, wamepandisha ghorofa. Mradi huo uligusa miji 7, na watafiti waliokuja kuupima miongo kadhaa baadaye walikuta kwamba pale ambapo barabara na viwanja vilichorwa kwanza kwenye ardhi tupu, nyumba za leo ni bora kuliko pale ambapo huduma zililetwa watu wakiwa wameshajibana. Kilichobeba ni mpangilio kutangulia.

Halafu mwaka 1997 zikaja kanuni: ujazo mkubwa mita 400 hadi 800, wa kati 801 hadi 1,600, mdogo 1,601 hadi 4,000. Yaani kiwanja cha mnyonge kikapanda kutoka 288 kwenda 400 wakati mji unafurika watu! Zimerekebishwa tangu hapo, namba zimeshuka, lakini kichwani mwa watu wa ofisini na wa mtaani "kiwanja" bado ni 20 kwa 20. Na mpango wa eneo ukishaandika ujazo wa kati, ndugu yangu Fundi, hata kanuni ya taifa ikiruhusu kidogo, wewe unabanwa na rangi ya ramani.

Kwa hiyo usiombe "mturuhusu viwanja vidogo". Omba kubadilishiwa ujazo wa eneo lenu lote kama mradi mmoja, na mchoro wake mmoja. Hayo ni maombi mawili tofauti kabisa.

#5 Mzee wa Kibada

Mpima umeongea vizuri, ila Sinza ya leo gari mbili hazipishani mitaa ya ndani. Baa, frem, gereji. Mita 288 zimebeba familia sita.

#6 Kamba na Bikoni

Kweli mzee. Lakini angalia, barabara bado ipo. Imebanwa na meza za chipsi, siku ukitaka unaziondoa. Nenda Manzese uniambie utaondoa nini ili barabara ipite.

#7 Afya Mtaani

Naona mnazungumza mita tu, choo kimesahaulika. Mimi nafanya kazi ya afya ya mazingira na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya ofisi kuogopa viwanja vidogo, hata kama hawakukwambia.

Dar kaya nyingi zinatumia shimo la nyumbani, bomba la majitaka la mji linafika sehemu chache. Sasa kwenye mita 240 weka nyumba, weka shimo la kwanza la majitaka, weka shimo la pili la maji kuzama ardhini, kisha mtu anachimba kisima kwa sababu bomba la maji halijafika. Kutoka kisima chako hadi shimo la jirani ni hatua nane. Kipindupindu hakiangalii hati. Na udongo wenu ni upi? Mchanga unameza haraka, mfinyanzi haumezi kabisa, masika yakija maji yanatoka juu.

Ukinijibu hilo, nakuunga mkono. Usiponijibu, afisa yuko sahihi.

#8 Fundi Springi

Dada Afya, hapo umenikamata. Juu ni mchanga, ukishuka mteremko unakuta mfinyanzi. Tulichimba shimo la majaribio likajaa maji siku ya pili.

Mzee wa Kibada, shikamoo. Nilisahau adabu. Naelewa ahadi, sisi hatukai jirani yako wala hatutaki kukata kiwanja cha mtu. Ardhi ni yetu yote 4, tunaomba ndani ya uzio wetu.

#9 Mbongo wa Houston

Nawasoma kutoka Texas, huku saa nne asubuhi. Niko Houston mwaka wa 14 na hili suala nimelikuta huku likiwa na sura ile ile.

Houston watu wanasema haina kanuni za ukanda wa matumizi, na ni kweli, lakini ilikuwa na kima cha chini cha kiwanja: futi za mraba 5,000. Badilisheni kwa mita, ni kama 465. Mnaona? Karibu ile ile 20 kwa 20 yenu na chenji juu! Mwaka 1998 jiji likaruhusu, ndani ya barabara ya mzunguko ya 610, kushuka hadi futi 1,400, yaani mita 130, kwa masharti. Mwaka 2013 wakapanua ruhusa kwenda nje ya mzunguko. Mtaa niliopanga mara ya kwanza ulikuwa na kinyumba kimoja cha mbao kwenye kiwanja. Siku hizi pana nyumba tatu zimesimama bega kwa bega, ghorofa tatu kila moja, gari inalala chini.

Kilichonifurahisha ni jibu walilowapa akina Mzee wa Kibada wa huku. Mtaa usiotaka kukatwa unakusanya saini za wenye viwanja, unaomba jiji liufungie ukubwa wake wa zamani. Kwa hiyo kanuni ya jumla imelegezwa, lakini mtaa wenye umoja una mlango wa kujitoa. Mzee anabaki na hewa yake, Fundi anapata kiwanja chake.

Msinielewe vibaya, si peponi. Zege limefunika kila kitu, na huku mvua ikipiga inapiga, mwaka 2017 wakati wa kimbunga Harvey niliona kochi linaelea. Na kumbukeni huku bomba la majitaka liko barabarani, unaunganisha tu. Dada Afya kapiga penyewe.

#10 nduthi_njema

Habari zenu watu wa Bongo. Mimi niko Nairobi. Huyo wa Houston amenichekesha, hiyo futi 5,000 ni fifti-bai-handredi yetu kabisa! Huku kila mtu wa Ruiru na Kitengela anauza "50 kwa 100", na asiyeweza anapewa 40 kwa 80, na asiyeweza hiyo anaenda kupanga bedsita, chumba kimoja.

Kuna kitu kilifanyika hapa mnaweza kuangalia. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, mtaa wa mabanda, kuwa eneo maalum la upangaji: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani. Maana yake, kanuni za kawaida zinawekwa kando kwa muda, mnakaa na wenyeji, mnaandika za kufaa pale. Ungefuata vipimo vya kawaida vya barabara kule Mukuru ungebomolea watu wengi mno, ndio maana walikaa na wakaazi kijiji kwa kijiji, hadi vikundi vya nyumba kumi kumi. Kazi haijaisha, lakini wazo ni hilo: mahali pakiwa na shida yake, pewe kanuni yake. Na sheria yetu mpya ya upangaji ya 2019 nayo ina hicho kipengele.

Ila nyinyi mna bahati, ardhi yenu bado ina mikorosho. Mukuru ilikuwa imejaa.

#11 Dada wa Chamazi

Mbona mnakwenda Texas na Nairobi na Chamazi iko hapa? Waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, baadhi yao walijikusanya wakanunua eka 30 Chamazi kama kikundi, wakisaidiwa na shirika la CCI. Majitaka yao yalipangwa kwenda pamoja kwenye bwawa la matete, la kuchuja, badala ya kila mtu kuchimba shimo lake. Fundi, nendeni mkaone kwa macho, kisha ulizeni nini kilienda na nini kilikwama. Kuna mambo yalikwama, msidanganywe.

#12 jamaa_wa_chini

Mimi swali langu dogo. Si mjenge ghorofa moja la fleti mgawane hati za sehemu, kila fleti na hati yake? Sheria ipo toka 2008. Eka 4 mnabaki na uwanja wa mpira.

#13 Fundi Springi

Tulilijadili. Shida ni kwamba mama lishe anajenga na tofali 40 kwa mwezi. Chumba kimoja leo, cha pili Krismasi, bati mwakani akicheza mchezo. Fleti inataka pesa zote siku moja na benki haimjui. Kiwanja kidogo kinamsubiri, fleti haimsubiri.

#14 mtoto wa mjini_2

Mzee wa Kibada naomba nikuulize kwa heshima. Baba yangu alikuwa na kiwanja cha mita 900 na hati. Alipofariki tulibaki watoto 5. Unafikiri kiwanja bado ni mita 900? Kaka mkubwa kajenga mbele, dada katikati, mimi napita ubavuni mwa choo cha dada kufika kwangu. Hati bado inasoma kiwanja kimoja, jina la marehemu. Kukata kulishafanyika, ofisi ndiyo haijaambiwa.

#15 Mzee wa Kibada

Hilo nalijua, mwanangu. Hata mimi nina watoto 4 na kiwanja 1. Nimekaa na hili swali tangu asubuhi na sijalipatia jibu la kunipendeza.

Fundi, mimi nilikuwa mkandarasi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nikwambie kitu bure. Kwenye mchoro wako kiwanja cha mita 12 upana, ukiacha nafasi kila upande, nyumba inabaki kama behewa la treni. Jengeni mbili mbili zikishikana ukuta mmoja wa katikati, nafasi yote iende upande mmoja. Hapo unapata ubavu wa kupitisha hewa, pa kuanika nguo, na pa kupitisha mpira wa gari la majitaka. Na ukuta wa katikati upande mpaka juu ya bati, usiishie kwenye dari. Moto unapita darini.

#16 Fundi Springi

Mzee, asante sana. Hiyo ya ukuta kupita bati nimeichora kwenye daftari la gereji.

#17 Kamba na Bikoni

Basi mrejesheeni afisa kitu anachoweza kusaini. Ofisi haikatai tu kwa roho mbaya. Jina lake ndilo litakaa kwenye mhuri siku mafuriko yakija. Mpeni: barabara kuu ya ndani inayopitisha gari la maji machafu na pa kugeuzia, mfumo mmoja wa majitaka chini ya mteremko, katazo la visima vya mtu binafsi, mkataba wa kikundi kwamba kiwanja hakikatwi tena, na nyumba pacha kama alivyosema mzee. Ombeni ujazo ubadilishwe kwa kifurushi hicho chote. Kubandika tangazo na kusikiliza majirani msikwepe, majirani wakisikia mapema wanapungua ukali.

#18 Afya Mtaani

Naongeza: mabomba membamba yasiyochimbwa kina kirefu, kama yaliyowekwa Vingunguti, yanafaa kwenye mteremko. Mteremko wenu ni mali, mlikuwa mnauona kasoro. Na andikeni nani atalipia kusafisha na lini. Mfumo wa pamoja unaokufa ni ule usio na mwenyewe.

#19 jamaa_wa_chini

Mwekahazina anayejua kusema hapana. Kazi yake hiyo.

#20 Fundi Springi (mrejesho, wiki 9 baadaye)

Wakuu, mliuliza kwenye inboksi, nimerudi.

Tulichora upya. Barabara ya ndani imepanuka, chini ya mteremko tumeacha eneo la majitaka ambalo zamani nilidhani ni hasara. Chekechea imekufa. Viwanja vimeshuka kutoka 43 hadi 39, nyumba pacha, ukuta mmoja. Chamazi tulikwenda watu 12 kwa daladala mbili, tukaulizana maswali mengi na tukarudi wapole.

Kwa hiyo tulipungukiwa nafasi mbili. Kikao kilichukua Jumapili nzima. Kaka na dada wa tumbo moja wakakubali kiwanja kimoja, watajenga juu na chini. Mwanachama mwingine, bodaboda, akaomba arudishiwe pesa zake, amepata kipande Mlandizi. Nilimsindikiza kukiona. Hakina mchoro. Nilimwambia, akasema anajua.

Halmashauri imepokea maombi ya kubadili ujazo, tangazo limebandikwa, majirani wawili wameandika barua ya kupinga na mmoja ameandika ya kuunga mkono. Haijapitishwa. Tumeambiwa itaingia kikao kijacho cha kamati. Mwalimu amekataa kutoa hata shilingi ya tofali mpaka mhuri upatikane, na mara hii hakuna aliyemnunia.

#21 Mzee wa Kibada

Hongereni. Huyo jirani wa kuunga mkono ni nani?

#22 Fundi Springi

Mzee wa makamo, ana eka 1 pembeni yetu na watoto 6. Anasubiri kuona yetu ikipita.

#23 mtoto wa mjini_2

Mkuu, hakuna hata kimoja kilichobaki?

#24 Fundi Springi

Hakuna.

#25 mtoto wa mjini_2

Hata kile cha chekechea?

#26 Fundi Springi

Kile ni barabara, mkuu. Hapo ndipo gari la zimamoto linageuzia.